Faida na Hatari za Kilimo cha Kisasa Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya husikika mabondeni, sokoni na barazani kila msimu wa kupanda unapokaribia. Majibu yamekusudiwa mkulima mwenye eka moja au mbili, na mlaji anayetaka kujua kilichomo sahanini mwake.

Mnaposema kilimo cha kisasa mnakusudia nini?

Mbolea ya mifuko, dawa za wadudu na za majani, mbegu zilizotoka vituo vya utafiti au makampuni, pampu na mipira ya matone, trekta, kuku wa mayai na wa nyama. Mwani nao umo, maana kilimo chake cha biashara hapa kwetu kilianza mwaka 1989 tu.

Kwa nini visiwa vipimwe tofauti na Bara?

Kwa sababu hapa kuna maamuzi ambayo hayarudi nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19 waliletwa kunguru kutoka India ili wale takataka za mji wa Unguja. Nia ilikuwa njema. Kunguru wakazaana, wakala mayai na makinda ya ndege wetu, wakageukia vifaranga vya kuku na mazao, kisha wakavuka hadi Bara. Mpaka leo hawajamalizika.

Sasa chukua mbung'o. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, naye alikuwa akiwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kwanza alipunguzwa kwa dawa ya kupaka ng'ombe na kwa mitego ya vitambaa. Halafu, kati ya mwaka 1994 na 1997, madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kizima, mamilioni kwa mamilioni. Jike akipandwa na dume wa namna hiyo hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Kazi kama hiyo ingefanywa kipande kimoja cha Bara, mbung'o wa jirani angerudi msimu wa pili. Hapa bahari ilizuia.

Bahari hiyohiyo ndiyo inayotufungia ndani na kunguru. Kwa hiyo jambo lolote jipya linapokuja shambani, maswali ninayoyatanguliza mimi ni mawili: likiharibika linarudishika? Na nani anakula faida, nani anabeba hasara? Mengi yanayofuata hapa chini ni maswali hayo mawili yakiulizwa juu ya vitu tofauti.

Je, ni kweli mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi?

Ikitumiwa ovyo, huidhoofisha. Ikitumiwa kwa akili, huongeza mavuno ya mpunga na mboga kwa kiasi ambacho samadi peke yake haikifikii kwa haraka. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za chakula cha mmea. Ukiimwaga juu ya ardhi kavu jua likiwaka, sehemu ya chakula hicho hugeuka hewa ya amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na fedha yako imepotea nayo. Ifukie au iweke udongo ukiwa na unyevu. Gawa: kidogo mche ukishashika, kidogo mpunga unapokaribia kutunga mimba. Anayeweka yote siku moja kwa sababu ana shughuli nyingi analisha mvua.

Udongo nao una neno lake. Bonde lenye kinamo hushika mbolea. Kichanga hakishiki, mvua moja ya masika inaishusha chini ya mizizi. Na chini ya uwanda ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, kwa hiyo kinachopita mizizi hufika majini bila kuchujwa vya kutosha. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea ikishageuka na kuyeyuka majini, katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na wanaohatarika kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Aliyevuna mpunga mzuri ni mmoja, na wanaokunywa kisimani ni mtaa mzima. Hapo ndipo mbolea inapoacha kuwa jambo la mwenye shamba peke yake.

Urea ya miaka mingi bila samadi wala mboji pia huongeza tindikali kwenye udongo na kuuacha bila uhai. Dawa yake inajulikana: rudisha majani, pumba na kinyesi cha mifugo shambani, na panda kunde, choroko au mbaazi kwa zamu.

Basi samadi na mboji ndizo salama kabisa?

Salama zaidi kwa ardhi, ndiyo. Kwa mlaji inategemea. Kinyesi kibichi cha kuku huunguza miche, na kikiwekwa kwenye mchicha au majani ya saladi kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha hadi jikoni. Kirundike, kiache kipate joto, kigeuze, subiri mpaka harufu ya kinyesi iondoke. Hilo tu.

Tungule za sokoni zina dawa. Tuache kuzila?

Hapana. Faida ya kula mboga na matunda ni kubwa na haina ubishi, na familia inayoacha mboga kwa kuogopa dawa inajitia katika hatari kubwa zaidi. Lakini malalamiko ya walaji ni ya haki, na chanzo cha tatizo ni mahali pamoja: siku za kungoja. Kila dawa iliyosajiliwa ina maelezo kwenye kibandiko yanayosema ingojewe siku ngapi kati ya kupiga na kuvuna. Siku hizo ni muda ambao dawa inahitaji kuvunjika kwa jua, mvua na mmea wenyewe. Mkulima anayepiga dawa jioni na kuchuma asubuhi, ili tungule zifike Darajani au Chake Chake zikiwa zinang'aa, anauza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukiona.

Najua kwa nini inafanyika. Tungule zikishaiva hazingoji, mchuuzi amesimama na gari, na bei ya leo si ya kesho. Ndiyo maana kumhubiria mkulima mmoja mmoja hakutoshi. Wachuuzi nao wanatakiwa waulize, na mpangilio wa kupiga dawa uanze mapema, kabla matunda hayajakaribia kuiva. Karibu na kuvuna tumia dawa zenye siku chache za kungoja, au usipige kabisa ukubali alama mbili tatu kwenye tunda. Mlaji naye aache kudhani tungule lisilo na doa ndilo bora. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, menya inapowezekana. Kuosha hupunguza kilicho juu ya ganda. Kilichoingia ndani ya tunda hakitoki.

Mkanda wa rangi kwenye chupa ya dawa una maana gani?

Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Rangi hizo zinaeleza sumu ya papo kwa papo, yaani ukiinywa au ukimwagikiwa leo. Hazielezi madhara ya kuigusa kidogo kidogo miaka kumi. Kwa hiyo kijani haina maana ya kupiga bila viatu, kifua wazi, kitambaa kikiwa shingoni. Anayepokea dawa nyingi kuliko mtu yeyote ni mpigaji mwenyewe, na baada yake ni mke au mtoto anayefua nguo zake pamoja na za nyumba nzima. Mlaji yuko mbali sana nyuma yao. Ukiwa na fedha ya kununulia kitu kimoja tu, nunua glavu ngumu na viatu vya mpira kabla ya dawa ya pili.

Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na kibandiko, usiinunue hata kwa bei ya bure. Huijui ni nini, huijui kipimo chake, na mtoto hataijua kabisa.

Ile dawa ya majani inasababisha saratani?

Swali hili huulizwa hasa kuhusu glaifoseti. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Taasisi nyingine, ikiwemo mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, zilipima kiasi ambacho watu hukutana nacho na kusema kwa kiasi hicho hatari haitarajiwi. Watu husikia hayo wakasema wataalamu wanagombana. Kwa sehemu kubwa wanajibu maswali mawili: la kwanza ni kama kitu kina uwezo wa kudhuru, la pili ni kama kitadhuru kwa kiasi ulichokutana nacho. Anayepiga bomba la mgongoni wiki nzima kwa kibarua hawi sawa na anayekula wali.

Ushauri wangu: eka moja ya muhogo inapalilika kwa jembe na kwa matandazo. Dawa ya majani ina nafasi yake pale nguvu kazi haipo, lakini isipigwe kandokando ya kisima, chanzo cha maji au banda la kuku.

Kuna njia ya kupunguza dawa bila kupoteza mazao?

Ipo, na mfano mzuri kuliko wote umetoka Unguja. Miaka ya 1950 ulifanyika utafiti hapa juu ya minazi iliyokuwa ikipukutisha vidaka. Msababishi alikuwa mdudu mnyonyaji, na mlinzi wa mnazi alikuwa chungu maji moto, yule anayeshona majani kuwa kiota na kuuma kama moto. Mnazi wenye maji moto wengi hubaki na nazi zake. Wapo chungu wengine wadogo wa ardhini wanaowafukuza maji moto, na hapo mdudu hupata nafasi. Sasa fikiria anayepiga dawa juu ya mnazi au mwembe wenye maji moto: ameua walinzi wake, na wezi watarudi kabla yao. Kukwea mti wenye maji moto ni adhabu, hilo halina ubishi, lakini ni adhabu ya siku ya kuangua tu.

Kwenye maembe adui ni inzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 2003. Kumpigia dawa juu ya mti mrefu ni kupoteza dawa, maana funza wake yumo ndani ya embe. Kinachofanya kazi ni mtego wenye kivutio cha madume, na kazi ya mikono: kuokota maembe yote yaliyoanguka na kuyafukia kwenda chini kama nusu mita, au kuyafunga ndani ya mfuko mweusi juani. Lakini ukifanya wewe peke yako na jirani akaacha maembe yaoze chini, umemfanyia kazi inzi wake. Jambo hili ni la shehia, si la mtu mmoja, na sheha anaweza kulisimamia kama anavyosimamia usafi.

Mbegu chotara, mbegu za mionzi na GMO ni kitu kimoja?

Ni vitu vitatu, na kuvichanganya kumetuletea hofu mahali pasipohitaji hofu.

Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa. Huzaa vizuri mara moja. Ukipanda mbegu zake, watoto hutofautiana na mavuno hushuka. Hatari yake iko mfukoni: kila msimu unanunua. Kama soko lako ni la uhakika, inalipa. Kama unalimia chungu chako, mbegu unayoweza kuihifadhi mwenyewe ina usalama ambao hauonekani kwenye hesabu ya mavuno.

Mbegu ya mionzi hupatikana kwa kupiga mbegu mionzi ili zitokee tofauti, kisha watafiti wakachagua zilizo bora kwa misimu mingi. Mpunga wa SUPA BC ulipatikana kwa njia hiyo hapa Zanzibar. Mchele wake hauna mionzi. Mionzi ilipita kwenye mbegu za mwanzo, basi.

GMO ni kuhamisha jeni, yaani chembe ya urithi, kwa kukusudia, pengine kutoka kiumbe mwengine kabisa. Bara, jaribio la mahindi ya aina hiyo lililoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 lilisimamishwa na Serikali mwaka 2018. Kwengineko, Bangladesh iliruhusu mwaka 2013 biringani zenye jeni la kujikinga na funza, na lengo lilikuwa kupunguza dawa zinazopigwa. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliona mahindi ya namna hiyo yakishindwa na aina moja ya funza wa mabua aliyeyazoea. Taarifa za kisayansi zilitoka mwaka 2007. Kwa hiyo faida ipo na inaweza kuliwa na mdudu. Swali langu kwetu ni lilelile la kisiwa: mmea ukishachavusha wa jirani, nani atautenganisha? Mashamba yetu yamebanana. Hilo si kusema hapana, ni kusema jibu litolewe kwa zao moja moja, wakulima wakiwa wamekaa mezani.

Mbegu mpya za muhogo zimetusaidia au zimetupoteza?

Zimetusaidia, tena sana. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa mbaya kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazuri, ukachimba ukakuta muhogo umeoza ndani kwa mabaka makavu ya kahawia. Mwaka 2007 zilitolewa hapa mbegu nne zinazovumilia ugonjwa huo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Bila ya kazi hiyo nyumba nyingi zingekuwa hazina muhogo wa futari.

Tahadhari ziko mbili. Ugonjwa hupita kwa inzi weupe na kwa vipando, kwa hiyo mbegu nzuri ikikatwa kwenye shamba bovu imeshaharibika. Pata vipando kwenye shamba ulilolikagua wakati wa kuchimba, usiridhike na majani. Pili, usizing'oe zote za zamani. Kuvumilia si kutougua, na ladha ya mihogo ya zamani si upuuzi. Acha mistari michache.

Nimepata mkopo wa pampu. Nichimbe kisima ufukweni nilime matikiti?

Ngoja kwanza. Maji baridi ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, kama mafuta juu ya maji. Kanuni ya wataalamu wa maji inasema kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kinyume chake ndicho kinachotisha: ukiyashusha maji ya juu kwa mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Kwa hiyo pampu kubwa karibu na pwani hutoa maji matamu wiki za mwanzo, halafu yanakolea, na kisima cha jirani kinakolea pamoja na chako. Kurudi kwa utamu kunaweza kuchukua miaka ya mvua.

Tumia pampu ndogo kwa saa chache, mipira ya matone na matandazo, na onja maji kila wiki, au bora upate kipimo cha chumvi. Yakianza kubadilika, acha kuvuta siku hiyohiyo hata kama matikiti yamebeba. Hapa sioni mlingano wowote kati ya faida ya msimu mmoja na kisima cha mtaa.

Kuku wa kisasa wana "madawa". Ni kweli?

Kukua haraka kwa kuku wa nyama kunatokana na uzao na chakula, si sindano za homoni. Tatizo halisi ni antibiotiki zinazotiwa kwenye maji "kwa kinga" bila ugonjwa kuthibitishwa, na mayai kuuzwa wakati kuku bado wako kwenye dawa. Kila dawa ina siku za kungoja kwa nyama na kwa mayai. Madhara makubwa hayako kwenye sahani ya leo: vijidudu huzoea dawa, na siku mtoto anapougua hospitalini dawa haimponyi. Usafi wa banda, chanjo ya mdondo na nafasi ya kutosha ni rahisi kuliko dawa.

Je, tung'ang'anie zao moja lenye bei nzuri?

Historia yetu imeshajibu mara mbili. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo tangu hapo. Kisha katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikajitosheleza kwa karafuu zake na bei ikaporomoka. Kosa halikuwa la mkulima yeyote wa Wete au Mkoani. Mwani nao umeonesha hivyohivyo: katika aina mbili zinazolimwa, kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini ndiyo inayokufa kwanza maji yanapopata joto.

Karafuu ilimwe, mwani ulimwe, tungule zilimwe. Ila nyumba isiyokuwa na majimbi, ndizi, muhogo au mpunga wake hata kidogo inategemea uamuzi wa watu isiowajua.

Nitajuaje kitu kipya kinanifaa mimi?

Jaribu kwenye kipande. Gawa tuta au jaruba mara mbili, upande mmoja wa zamani, mwengine mpya, udongo na maji vikiwa sawa. Andika ulichotumia, pamoja na siku zako za kazi, na upime mavuno kwa mizani, si kwa macho. Msimu mmoja wa mvua nzuri hautoshi. Jaribu hata mwaka mbaya. Anayekuuzia akikuambia huna haja ya kujaribu, hiyo ni taarifa tosha. Na mwite bwana shamba au bibi shamba aone kabla hujaeneza shamba zima.

Nimemwagikiwa dawa, au mtoto ameinywa. Nifanye nini?

Toka au mtoe kwenye dawa na upepo wake. Vua nguo zote zilizolowa, osha mwili kwa sabuni na maji mengi. Machoni endelea kumwaga maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Aliyekunywa usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta, kwa sababu dawa nyengine zina mafuta ya taa na zikirudi huingia mapafuni. Akipoteza fahamu mlaze ubavu. Jasho jingi, mate kutiririka, mboni kuwa ndogo na misuli kutetemeka ni dalili za sumu kali, na dawa yake ipo hospitalini, haipo nyumbani. Nenda mara moja, na uchukue chupa yenye kibandiko chake, maana daktari atatibu kufuatana na jina la dawa lililoandikwa pale.